Tupeane uzoefu: uliyetoa oto ukafunga manyuo, difu uliioanishaje?

Zabibu_Chungu (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa waliotoa giaboksi ya oto kwenye gari la zamani wakafunga manyuo. Bei ya fundi sihitaji, kila mtu ana yake. Nataka kujua reshio za gia na difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ulizioanishaje, maana hapo ndipo nilipoumia.

Naanza na yangu. Nina Mark II ya 1994, injini 1JZ-GE, niliinunua kwa mtu asiyeamini kwamba oili ya giaboksi nayo hubadilishwa. Ikanigomea Gairo usiku, injini inanguruma, gari halisogei. Jinsi nilivyovutwa mpaka Dodoma tuache. Nikapata giaboksi ya manyuo, W58 ya mtumba (mtumba wa Ilala, si Mtumba kwenye wizara), ikaja na pedali, masta ya klachi, flaiwili na propela yake (ile shafti ndefu ya kwenda kwenye difu).

Siku ya kufunga fundi akaniambia, "Bosi, manyuo inataka difu fupi." Akatoa yangu ya 4.1 (yaani propela inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja; namba ikikua ndiyo fupi) akaweka ya 4.3. Alisema kwa kujiamini, nami nikanyamaza. Mjini gari likawa linaruka kama mbuzi. Gia ya kwanza haikuwa na kazi, hujamaliza kuachia klachi tayari inakudai ya pili. Safari ya kwanza ya Dar, kufika Kibaigwa tu masikio yamechoka kwa mlio wa injini.

Nikachukua kalamu. Tairi langu ni 195/65R15, mzunguko mmoja linatembea karibu mita 2. Ukiwa kwenye 100 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 836 kwa dakika. Zidisha kwa difu, kisha kwa gia ya juu, unapata mizunguko ya injini. Oto yangu, A340E, gia ya nne ni 0.705. Kwa difu ya 4.1 inakuja kama 2,400. W58 gia ya tano ni 0.783, na kwa ile 4.3 inafika 2,800. Yaani nilibadilisha giaboksi ili nipunguze mafuta, halafu nikaongeza mizunguko 400 kila dakika kutoka hapa hadi Kimara.

Sasa angalia chini. Gia ya kwanza ya oto ni 2.804, ya W58 ni 3.285. Oto inaweza kuwa ndefu vile kwa sababu ina toki konveta, gari likianza kuondoka inaongeza nguvu ya injini karibu mara mbili. Manyuo haina, ndiyo maana kiwandani walishaifupisha gia ya kwanza ndani ya giaboksi. Fundi wangu akafupisha kilichokwisha fupishwa.

Nimerudisha 4.1, sasa niko kama 2,700. Naota difu ya 3.9. Karibuni.

Spana_17:

Mimi ni fundi, nakuunga mkono nusu. Hiyo kauli ya "manyuo inataka difu fupi" haikutoka hewani. Modeli nyingi zilitoka kiwandani na difu tofauti kati ya oto na manyuo, ila ipi fupi inategemea injini na giaboksi. Mtu aliyeiona kwenye gari moja anaifanya sheria ya magari yote.

Kabla hujanunua difu, hesabu. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, gia iwe nyutro, nyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lingine libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo juu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu propela. Gawa kwa 10. Propela ikizunguka 41, difu yako ni 4.1. Ni 10 na si 20 kwa sababu gurudumu moja likishikwa, lile jingine huzunguka mara mbili ya kasi ya krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu. Kuna vijana wanagawa kwa 20 halafu wanaambia wateja wana difu ya 2.05.

Difu ikiwa imefunguliwa, hesabu meno ya krauni na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Krauni 41 pinioni 10 ni 4.1. Krauni 37 pinioni 9 ni 4.11, hiyo utaiona sana kwenye Land Cruiser.

Halafu msisahau nyuma ya krenkishafti ya injini: injini iliyotoka na oto mara nyingi haina beringi ya paileti pale mwisho, ile inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Na bolti za sahani ya oto (ile inayokaa mahali pa flaiwili) ni fupi kwa flaiwili. Nimeona mtu amezitumia zilezile. Aliomba Mungu, zikakaa wiki mbili.

Mkulima_Bahi:

Wakuu, yangu ni ya kijinga lakini naitoa.

Surf ya dizeli, nilitoa oto nikaweka giaboksi ya manyuo ya Hilux pikapu. Muuzaji akanipa na ekseli yote ya nyuma kwa bei ya kutupa, nikaona kheri, breki zake zilikuwa bora kuliko zangu. Nikafunga. Kiangazi chote natembea kwa magurudumu mawili, gari linanisikiliza. Nilikuwa najisifu hata kwa shemeji.

Masika yakaja. Nikaingia shamba la mpunga, nikaweka 4H (magurudumu yote manne yanavuta), kwenye tope likatoka vizuri tu. Tatizo likaanza nilipofika juu kwenye ardhi ngumu nikasahau kuitoa. Gari likawa linajivuta kama limefungwa kamba, usukani mzito, chini kunalia *kang, kang*. Nikajaribu kutoa 4H, ikagoma. Nilirudi nyuma hatua chache ndipo ikaachia.

Kumbe ekseli ya Hilux ilikuwa na 4.3 na mbele yangu 4.1. Ukifunga mbele na nyuma pamoja, magurudumu ya nyuma yakienda mita 100, ya mbele yanalazimishwa kwenda karibu 105. Kwenye tope yanateleza yanasameheana. Kwenye ardhi kavu hakuna wa kuteleza, kwa hiyo chuma ndicho kinachobeba ugomvi. Transfa kesi, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ilifunguliwa, mnyororo wake ulikuwa umelegea kama shanga.

Mwenye gari la magurudumu manne, ukigusa difu ya nyuma gusa na ya mbele. Mimi nililipa mara mbili.

Bodaboda_Mstaafu:

Mimi nilianza hesabu kama hizi, nikauza gari nikanunua bajaji. Gia nne na rivasi, hakuna anayeniuliza difu.

Mama_wa_AreaD:

Zabibu, kaka yangu, umeota difu ndefu, ngoja nikusimulie ndoto yangu.

Nilikuwa na Cresta, nayo tuliitoa oto. Mimi sikutaka kelele, naenda Iringa mara kwa mara kwa biashara, nikamwambia fundi aniwekee difu ndefu. Akatoa 4.1 akaweka 3.7. Barabara ya tambarare hadi Mtera, jamani, raha. Injini inanong'ona.

Basi tukafika mlima Nyang'oro. Gari lina magunia ya vitunguu nyuma na watu wanne. Pale nilipokuwa napanda na gia ya nne nikajikuta kwenye ya tatu, mara kwenye ya pili, lori linanipita. Kuondoka kwenye mlima ndiyo usiseme, inabidi klachi uishike nusu muda mrefu mpaka harufu inaingia ndani. Klachi pleti iliisha miezi saba. Fundi akasema mimi nakalia pedali. Sikukalia pedali, nilikuwa naomba injini ifanye kazi ya konveta.

Na tochi! Kabla ya Mtera kuna kijiji, nikapita mshale uko 50 barabara. Trafiki ananionyesha 55. Nikabishana, nikaonekana mkaidi, nikalipa. Baadaye ndiyo nikaelewa: spidomita inasoma kwenye giaboksi, na giaboksi haijui kama difu imebadilishwa. 4.1 ukigawa kwa 3.7 ni kama 1.1. Kila 50 yangu ilikuwa 55.

3.9 sawa. Chini ya hapo, kama hubebi upepo mtupu, fikiria tena.

KE_mpaka_AE:

Wa Corolla za kuvuta mbele tusisahauliwe. Kwetu difu imo ndani ya giaboksi yenyewe, hakuna cha kwenda kununua pembeni, kwa hiyo watu wanadhani hakuna cha kuoanisha. Si kweli. Giaboksi ya C50 gia ya kwanza ni 3.545, ya C52 ni 3.166, kwa nje unaweza kuzichanganya kama pacha. Halafu hata C50 na C50 difu za ndani hutofautiana: yangu ilikuwa na 4.058, ya jirani 3.722. Yeye anapita Manyoni ametulia, mimi nafika Singida nimepiga kelele njia nzima. Soma kibati cha gari ilikotoka, si jina la giaboksi tu.

Mgeni_Nkuhungu:

Swali la kizushi: kwa nini msitengeneze oto tu?

Zabibu_Chungu:

Mkuu Mgeni, nilizunguka. Niliyoipata haikuwa na mtu wa kuithibitisha, na mbovu nilishakuwa nayo moja. Ila sikatai, ingekuwa nzima nisingefungua.

Dada wa Area D, ahsante, umeniokoa na 3.7, nilikuwa nimeshaulizia bei. Mzee wa Bahi, pole na mnyororo.

Nyongeza kidogo isiyo ya reshio: swichi ya nyutro ya oto (inayozuia stata gari likiwa kwenye gia), wengi wanaiunga waya moja kwa moja ili stata ifanye kazi. Na mimi waliniungia. Mwanangu akawasha gari likiwa kwenye gia ya kwanza, likaingia bandani kwa kuku. Wekeni swichi kwenye pedali ya klachi.

Zabibu_Chungu (siku tisa baadaye):

Mrejesho. Nimepata difu mahali, imelala chini ya mwembe. Muuzaji akaniapia kwamba ni 4.3, "ile fupi yenye nguvu." Nikashika flanji moja kwa goti, nikazungusha ile nyingine mara 20, kijana akahesabu pinioni: 39 na chembe. Nikahesabu tena, 39 na chembe. Muuzaji bado anasisitiza ni 4.3. Sikubishana, nimemlipa haraka nikapakia.

Spana_17:

Umeangalia mchezo wa pinioni? Shika uitikise kabla hujafunga. Na nani kakwambia ulipe haraka, ungempunguza.