Naomba ushauri: jirani kajua nimefunga, je mfungo wangu umeharibika?

Shalom wapendwa, mimi naishi huku Unguja, Mji Mkongwe, nipo kwenye mfungo wa siku tatu namuombea mdogo wangu aache pombe, nafunga mpaka saa kumi na mbili jioni, maji tu ndo nakunywa. Sasa jana mchana mama jirani, ni Muislamu na mtu mwema sana, kaniletea bakuli la urojo bado linatoa moshi, bajia zimejaa juu, nikashindwa kumdanganya nikamwambia nimefunga. Jioni karudi na mkate wa kumimina eti mwanangu futuru, machozi yalinitoka jamani.

Ila usiku sikulala kabisa, maana kwenye Mathayo 6:16-18 Yesu anasema tunapofunga tupake mafuta kichwani tunawe uso, watu wasijue. Je nimekosea? Au ningepokea tu bakuli nikanyamaza?

Halafu nina vidonda vya tumbo, jana saa tisa tumbo lilichoma mpaka nikashindwa kuomba. Danieli 10 naona aliacha chakula kitamu, nyama na divai wiki tatu, naweza kufunga hivyo nikala uji na dawa zangu? Mliopitia hii naomba mnijibu leo, kesho ndo siku ya mwisho.