Uhaba wa maji ya kunywa Afrika: maji ndiyo machache, au hayawafikii watu?

Mjumbe wa Umalila (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mjumbe wa chombo cha watumia maji katika kijiji kimoja cha Umalila, na nimepewa kazi ya kuandaa maelezo kwa ajili ya mkutano mkuu wa kijiji: kwa nini maji ya kunywa ni haba kwetu, ilhali mvua hunyesha karibu nusu ya mwaka na chemchemi tunaziona kwa macho? Katika kusoma nimekutana na maelezo mawili yasiyopatana. La kwanza linasema kwamba Afrika ina takriban asilimia 9 tu ya maji yasiyo ya chumvi yanayojirudisha kila mwaka duniani, huku ikibeba zaidi ya asilimia 17 ya watu wote, hivyo kiu yetu ni ya kimaumbile. La pili linasema kwamba maji yapo tele katika Mto Kongo, katika maziwa makuu na hasa chini ya ardhi, ambako watafiti mwaka 2012 walikadiria hazina inayozidi mara 100 maji yote yanayojirudisha barani kwa mwaka. Nikisimama mbele ya wanakijiji niwaambie lipi? Naomba majibu yenye hesabu, kwa sababu maneno matupu wameshayasikia.

Mchumi wa Gangilonga (Iringa)

Ndugu Mjumbe, maelezo yote mawili ni sahihi, ila kila moja linajibu swali lake, na hakuna hata moja linalojibu swali la mkutano wenu.

La kwanza linafuata kipimo alichokibuni mtaalamu wa maji wa Uswidi, Malin Falkenmark, mwishoni mwa miaka ya 1980. Unachukua maji yote yanayojirudisha nchini kwa mwaka, unayagawanya kwa idadi ya watu, na nchi inayopata chini ya mita za ujazo 1,700 kwa kila mtu huhesabiwa kuwa imeelemewa, chini ya 1,000 kuwa ina uhaba, na chini ya 500 kuwa ina uhaba uliokithiri. Tanzania yenyewe huangukia upande huu au ule wa mstari kutegemea nani amehesabu. Ukichukua kilomita za ujazo 96 za Shirika la Chakula na Kilimo na kuzigawanya kwa watu 61,741,120 wa sensa ya 2022, utapata kama mita za ujazo 1,560. Ukichukua 126 ambazo zimekuwa zikitajwa na Wizara yetu ya Maji, utapata zaidi ya 2,000. Kwa hesabu ya kwanza tumeelemewa, kwa ya pili tumesalimika, na ndoo ya mwanakijiji wa Umalila haikuongezeka wala kupungua hata tone.

Kipimo hicho kinahesabu pamoja maji ya mashamba, viwanda na umeme. Mita za ujazo 1,700 kwa mwaka ni zaidi ya lita 4,600 kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku zinatosha mahitaji ya msingi ya nyumbani, kunywa kukiwa ni sehemu ndogo sana ya hizo. Mto Kongo humwaga baharini wastani wa mita za ujazo 41,000 kwa sekunde. Wape Waafrika wote bilioni 1.5 lita 50 kila mmoja, na maji yao ya siku nzima ni yale ambayo mto huo hupitisha kwa muda wa nusu saa. Sisemi kwamba maji ya Kongo yaletwe Mbeya. Nasema tu kwamba kiasi cha maji kilichopo barani hakielezi kiu ya watu.

Kinachoeleza zaidi ni huduma. Kwa makadirio ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022, kusini mwa Sahara ni karibu watu 31 tu katika kila 100 waliokuwa na maji salama yanayopatikana nyumbani, wakati wanapoyahitaji, na yasiyo na vimelea vya kinyesi wala kemikali zenye madhara. Tazameni miji miwili. Kinshasa imejengwa kando ya mto huohuo wa Kongo, na bado mitaa yake mingi haina bomba la kutegemewa. Windhoek imejengwa katika nchi iliyo miongoni mwa kame kuliko zote kusini mwa Sahara, na tangu mwaka 1968 inasafisha majitaka yake hadi kuwa maji ya kunywa. Mvua haikuwa upande wa Windhoek. Mitambo, mafundi na ankara zinazolipwa ndivyo vilivyokuwa upande wake.

Fundi Mstaafu (Njombe)

Nimesoma kwa makini hesabu za Mchumi wetu, nami nakubaliana nazo, ila kuna jambo ambalo mtu hulijua akishabeba bomba begani, nalo ni kwamba maji hayakwei.

Jiografia ya Nyanda za Juu hudanganya macho. Mgeni huona ukungu, chai na mito isiyokauka, akadhani huku hakuna shida. Lakini vijiji vingi vya Umalila, Makete na Ludewa viko juu ya migongo ya milima, na chemchemi zake ziko chini makorongoni. Sehemu ya hali hiyo tulijitengenezea wenyewe: katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 watu wengi walihamishiwa kando ya barabara, na milimani barabara hufuata mgongo. Shule ilifika, zahanati ilifika, lakini maji yalibaki kule walikohama.

Pale ambapo chanzo kiko juu ya kijiji, Mungu ametupa zawadi ambayo wenzetu wa Dodoma na Singida hawana, nayo ni maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe. Unajenga kidakio cha kukusanya maji ya chanzo, unaweka chujio, unateremsha bomba hadi tenki, na kutoka kwenye tenki unagawa kwenye vilula, yaani mabomba ya kuchotea. Hakuna dizeli wala umeme. Ndiyo maana mipango ya maji iliyofadhiliwa na Denmark katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma kuanzia miaka ya 1980 iliipa miradi ya namna hiyo kipaumbele, na mradi mkubwa wa Wanging'ombe nao ulijengwa kwa mserereko.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe, ambacho ni fedha za matengenezo. Kuanzia mwaka 1965 serikali ilichukua jukumu la kujenga miradi ya maji vijijini bila kuwadai wananchi, na baadaye ikabeba hata gharama za kuiendesha. Mwaka 1971 ikaanzishwa programu ya miaka 20 iliyolenga kwamba kufikia mwaka 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Lilikuwa lengo jema, na mimi ni mmoja wa waliolihudumia kwa moyo. Lakini mwaka 1991 ulipofika, chini ya nusu ya watu wa vijijini ndio walikuwa wamefikiwa, na mwaka huohuo sera mpya ikaanza kusema kwamba mwananchi achangie. Kizazi kizima kilikuwa kimefundishwa kwamba bomba ni la serikali. Likipasuka, serikali itakuja. Wizara ilipohesabu vituo vya maji vijijini nchi nzima, mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi vilikuwa havifanyi kazi kabisa. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza mwaka 2019, ulirithi hesabu hiyo.

Na hapa niseme ukweli usiopendeza mkutanoni. Mahali ambapo maji huuzwa ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50, mnunuzi analipa shilingi 2,500 kwa uniti moja, yaani lita 1,000, bei ambayo mara nyingi inazidi ile ya mtu wa mjini aliyeunganishiwa bomba hadi jikoni. Kwa hiyo wanakijiji hawakosei wanaponung'unika. Kosa hutokea pale ambapo fedha hiyo haionekani kwenye akaunti siku koki inapoharibika.

Mama Shamba (Ubaruku, Mbarali)

Shikamooni wazee wangu. Naona mnazungumza ya milimani, nasi wa bondeni tunayapokea maji mkiwa mmeshamaliza nayo.

Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya milima hiyohiyo na kuyapitisha katika tambarare ya Usangu na ardhioevu ya Ihefu, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi kwa wiki nyingi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza kwamba kufikia 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa, mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na hifadhi, na mto ukaendelea kukauka.

Sisi wakulima wa mpunga tunabebeshwa lawama, na sehemu yake ni ya haki. Hekta moja ya mpunga hunywa takriban mita za ujazo 10,000 kwa msimu, nazo zingewatosha watu zaidi ya 500 kwa mwaka mzima kwa lita 50 kila siku. Nchini kwetu karibu asilimia 89 ya maji yanayochukuliwa kwenye vyanzo huenda kwenye kilimo, na majumbani huenda kama 10 tu. Lakini wanaotuhukumu kwa takwimu hizo hawajui kwamba pembezoni mwa skimu hizi mfereji wa mpunga ndio bomba la familia. Banio, yaani mlango wa kuingizia maji mferejini, likifungwa kiangazi ili mto upate maji, mama anayechota mferejini naye amefungiwa. Yeyote atakayeandika kuhusu uhaba wa maji ya kunywa Usangu bila kulitaja hilo, ameandika kuhusu tembo na viboko peke yao.

Mchumi wa Gangilonga (Iringa)

Marahaba, Mama Shamba, na nimelipokea. Hali kama hiyo iko Lesotho, nchi ya milima kama kwetu. Kwa mkataba wa mwaka 1986 ilikubali kuiuzia Afrika Kusini maji, ikajengwa Katse, bwawa lenye ukuta wa mita 185, na maji yakaanza kuvuka mpaka mwaka 1998 kuelekea viwanda na nyumba za mkoa wa Gauteng. Fedha ya mauzo huingia hazina, na bado vijiji vya jirani na bwawa viliendelea kuchota chemchemini. Nasi Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo ofisi yake kuu iko hapa Iringa, inapaswa kugawa maji ya mito ileile kati ya mpunga wa Usangu, hifadhi, na mitambo ya umeme ya Mtera, Kidatu na sasa Bwawa la Nyerere. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele ya mengine yote. Ugumu ni kwamba mitambo na mashamba yana vibali na vipimo, na ndoo ya mferejini haina kibali popote.

Mjumbe wa Umalila (Mbeya)

Nawashukuru sana, wazee wangu na Mama Shamba. Nimebaki na mambo mawili. Wapo kijijini wanaotaka tung'oe mikaratusi yote iliyoko kwenye chanzo, wakiamini maji yatarudi. Wengine wanataka tuombe kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua, na mmoja amependekeza hata maji ya Ziwa Nyasa. Tuanze na lipi?

Fundi Mstaafu (Njombe)

La ziwa liacheni. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari na Jiji la Mbeya liko karibu 1,700. Kupandisha uniti moja ya maji mita 1,200 hula kama kilowati-saa 5 kwa pampu ya kawaida, na hapo hujalipia bomba wala kusafisha.

Mikaratusi iondolewe, ndiyo, na vinyungu, kama tuitavyo huku bustani za mabondeni, visogezwe nje ya zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Lakini mwaambie wanakijiji mapema kwamba chanzo hakiamki kesho yake; pandeni miti ya asili na msubiri, na msiwaondoe wenye bustani kabla ya kukaa nao.

Kisima kirefu juu ya mgongo wa mlima kinaweza kukutana na maji mbali sana. Kwa hali mnayoieleza, bora kupampu kutoka chemchemi ya korongoni. Sera ya maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250, yaani lita 6,250. Kuzipandisha mita 150 kunahitaji kama kilowati-saa 5 kwa siku, kazi ambayo paneli chache zinaiweza. Jua ni la bure, lakini pampu itakufa ndani ya miaka kadhaa, kwa hiyo andikeni sasa nani anaweka akiba ya kununua nyingine.

Kabla ya hayo yote, pimeni. Nendeni kwenye kilula na saa mkononi mwezi Mei, kisha tena Oktoba kabla ya mvua. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, watu 250 watapata lita zao 25 kila mmoja kwa muda wa saa tatu na nusu za bomba kuwa wazi. Ikijaa kwa dakika mbili, watahitaji saa zaidi ya kumi, na hiyo ndiyo foleni ya alfajiri mnayoiona. Mkikuta Mei na Oktoba zinalingana, basi chanzo chenu ni kizima na tatizo liko kwenye bomba au kwenye idadi ya vilula. Zikitofautiana mno, pandeni hadi kwenye kidakio mkapime huko kwanza. Ikiwa kidakioni maji ni mengi na kilulani ni machache, kati ya hapo kuna mvujo au kuna mtu amejiunganishia shamba la viazi.