Uwanja wa kuchezea vijisanamu: neoprini, bango la kuchapwa au plaiwudi?

Salma_Jinja
Habari zenu wakubwa. Mimi na mdogo wangu tumeanza Kill Team, ule mchezo mdogo wa vita vya vijisanamu na dadu, na mbeleni tunataka kuingia Warhammer 40,000 yenyewe, mchezo wake mkubwa. Tunachezea meza ya chakula, wageni wakija kila kitu kinaondoka. Uwanja wa Kill Team ni inchi 22 kwa 30, ule mkubwa 44 kwa 60. Nimebaki na vitatu: mkeka wa neoprini (mpira laini) wa kuagiza nje, bango la plastiki la kuchapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji pale Kampala, au plaiwudi niipake mwenyewe. Mngekuwa mimi mngechukua kipi?

Mzee_wa_Dadu
Karibu dada. Mimi nina neoprini ya milimita 2, huu mwaka wa tano. Dadu hazipigi kelele, kijisanamu hakitelezi, chai ikimwagika unafuta tu. Ukimaliza unauviringisha kama jamvi na kuusimamisha nyuma ya mlango. Shida ni kuufikisha hapa. Ni mzito, na nauli pamoja na ushuru vyaweza kuzidi bei ya mkeka. Mwenye ndugu anayerudi kutoka ng'ambo amwombe nafasi kwenye begi.

Kalamu_Nne
Mimi bango, na silijutii, ila sikiliza. Omba plastiki isiyong'aa, la sivyo taa ya sebuleni itakupiga machoni mchezo mzima. Picha ya inchi 60 kwa 44 itengeneze ya pikseli 9,000 kwa 6,600, hapo unapata 150 kwa kila inchi. Usiitume WhatsApp kama picha, itabanwa na changarawe zako zitatoka ukungu. Itume kama faili au peleka na flashi. Na nenda na futi yako: duka moja lilinivutia picha ijae turubai lao, nyumba zangu zikatoka zimerefuka. Pima kabla hujalipa.
Likijikunja pembeni, lianike juani dakika chache kisha liviringishe kinyume. Chini yake tandika blanketi, dadu zitatulia.

Fundi_Ndeeba
Salma, mbao ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitakwenda polepole hapa. Usikate ubao mmoja mkubwa, utauweka wapi? Plaiwudi nzima ni futi 4 kwa 8, yaani inchi 48 kwa 96. Mwambie fundi akutolee vipande vya 22 kwa 30: viwili kwa upana, vitatu kwa urefu. Unapata sita. Kimoja chochote ni Kill Team. Vinne ukivipanga viwili viwili ni 44 kwa 60 kamili. Viwili vinabaki, kimoja kiwe mto, kingine barabara, mnabadilishana. Vyote vinalala chini ya kitanda.
Chukua milimita 9. Piga msasa kingo, kisha paka rangi pande zote mbili. Watu wengi hupaka juu tu, msimu wa mvua upande wa chini unanywa unyevu na ubao unapinda kama kipande cha gome.
Halafu gundi nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji, uieneze kwa brashi pana. Chekecha udongo mwekundu wa barabarani kwa chujio la chai, ukaushe vizuri, umwage juu. Kesho yake kung'uta. Paka kahawia iliyokoza, ikikauka chukua brashi iliyo karibu kavu, yenye rangi ya mchanga kidogo tu, uipitishe juu juu. Kila punje inaonekana. Mkono wangu bado unasisimka nikifika hapo.

Mutuba_Masaka
Mmesahau lubugo, kile kitambaa cha gome la mti linalopondwa kwa nyundo! Rangi yake ya udongo uliochomwa, na mikunjo ya nyundo, ni jangwa tayari bila kupaka kitu. Tandika juu ya plaiwudi na umemaliza.

Mzee_wa_Dadu
Ndugu yangu, rangi ni kweli. Lakini kwetu Buganda lubugo tunawazikia watu wetu. Akija mzazi akute dadu na mizinga juu yake, itamkaa vibaya. Kama ni nyumbani kwa wazee, waulize kwanza.

Mutuba_Masaka
Umesema kweli mzee. Mimi natumia vipande vidogo vilivyobaki kwa mafundi wa mikoba, nabandika kwenye miamba tu.

Kalamu_Nne
Mkija kwenye miamba: lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV usilipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, linayeyuka. Tanguliza rangi ya maji.

Salma_Jinja
Asanteni sana, naenda na plaiwudi. Fundi, vile vinne nivifunge kwa bawaba visiachane?

Fundi_Ndeeba
Hapana, bawaba zitakuzuia kuvigeuza. Tandika kitambaa kizito mezani, vipange juu yake, havitateleza. Kingo zipake kahawia ileile ya juu, mstari wa kiungo hutauona. Na vile vipande vyembamba vinavyobaki, vya inchi 4, usimwachie fundi. Hivyo ni kuta za magofu.