Wenye migahawa ya "chakula cha Kiswahili" Uingereza, acheni kutuuzia wali wa manjano mkiuita pilau!

Wakuu, salaam. Nimekereka na leo sinyamazi.

Nimewapeleka wafanyakazi wenzangu, Waingereza, kwenye mgahawa mmoja hapa Uingereza unaojinadi kwa chakula halisi cha Zanzibar. Jina sitalitaja. Tukaagiza pilau ya nyama, sahani paundi 15. Kilicholetwa ni wali uliojaa binzari ya manjano, umechanganywa na njegere za friza na vipande vya karoti, na juu wamelaza kifua cha kuku kisicho na mfupa. Kiazi hakuna, nyama niliyoagiza hakuna, mdalasini husikii hata ukiinusa sahani. Kachumbari ni majani ya saladi yaliyomwagiwa mayonezi. Wageni wangu wakala, wakasifu kwa adabu, na sasa wanaamini pilau ndiyo ile. Hilo limeniuma kuliko hela.

Nikamwita mwenye mgahawa, Mtanzania mwenzetu. "Kaka, hii ni pilau gani?" Akanijibu: "Ndugu yangu, huku viungo vyetu havipatikani, halafu Wazungu hawavipendi."

Havipatikani wapi? Ng'ambo ya barabara yake kuna duka la Mhindi. Bizari nyembamba ipo, hiliki, karafuu, mdalasini wa vijiti na pilipili manga vyote vipo, tena kwa mifuko ya kilo. Ukwaju upo, embe mbichi za urojo zipo, nazi iliyokunwa imegandishwa ipo. Mchicha nenda duka la Wajamaika, wao wanauita callaloo.

Na pilau haipati rangi kwenye manjano, wakuu. Inapata kwenye kitunguu. Unakikaanga taratibu mpaka kiwe kahawia iliyokolea, na ukishindwa kusubiri hapo umeshaharibu sufuria nzima. Ndipo vinaingia thomu na tangawizi, viungo, nyama yenye mfupa iliyochemshwa pamoja na supu yake, viazi, halafu mchele. Nyumbani tunapalia makaa juu ya kifuniko, huku oveni inafanya kazi ileile bila jasho. Sasa kigumu ni kipi? Kigumu ni kusimama jikoni!

Eti Wazungu hawapendi viungo. Hawa hawa wanaojaza migahawa ya Kihindi kila Ijumaa usiku na kuagiza vindaloo, mchuzi wenye pilipili kali?

Kinachoniudhi zaidi ni huu msemo kwamba chakula cha kwetu kikivuka bahari hakiwezi kuwa chenyewe. Pilau yenyewe ilifika pwani kwa njia ya bahari, kutoka Uajemi na India. Mahindi na muhogo asili yake Amerika. Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walifika Leicester na mapenzi yao ya muhogo, na mpaka leo muhogo wa kukaanga wenye pilipili uko kwenye menyu zao, tena wanauita "mogo" vilevile. Nendeni Muscat. Waomani waliotoka Zanzibar, wengi wao baada ya mapinduzi ya 1964, wana mandazi yao, na mishkaki jioni inachomwa barabarani. Aliyekulia Unguja akionja anajua yuko kwao.

Wahabeshi ndio wangetuaibisha kabisa. Mwaka 2006 serikali ya Ethiopia ilizuia kuuza nje nafaka ya tefu, na bila tefu hakuna injera ya kweli, ule mkate wao mwembamba wa kulia mchuzi. Walianza kuwapa wateja chapati? Washington imejaa migahawa yao, na tefu inalimwa Marekani kwenyewe, Idaho, tangu miaka ya 1980. Shida ya kiungo ilikuwepo kweli, na njia ikapatikana.

Kuna vitu huku sivipati, nakubali. Harufu ya mchele wa Kyela basmati haina. Changu aliyevuliwa alfajiri ukamla mchana, huyo msahau. Tui la kopo halifikii tui la nazi uliyoikuna mwenyewe. Mpishi akiniambia hayo nitamwelewa na nitalipa bila kinyongo. Lakini njegere? Mayonezi? Hivyo vimeletwa na ukosefu gani?

Wenye migahawa mnaopita hapa: kama mnataka kupika wali wa manjano na kuku, pikeni, uandikeni wali wa manjano na kuku, na jina la Zanzibar mliondoe kwenye bango. Mnachouza kwa wageni ndicho watakachokijua kuhusu jikoni za mama zetu, na wengi wao hawatafika Forodhani kulinganisha.

Na ninyi wadau mnaojua popote Uingereza wanapokaanga kitunguu mpaka kikaiva, wekeni mji na mtaa hapa chini. Hata kama ni mama anayepika kwa oda nyumbani kwake, nitapanda treni.