Kiyoyozi cha gari kinakwaruza kwenye foleni

Swali: Ndugu zangu, gari langu la kila siku kati ya Mbagala na Posta linakwaruza kama chuma kinachosagwa kila ninapowasha kiyoyozi, nikikizima, sauti inakoma. Fundi amenishauri ninunue kompresa (pampu ya gesi ya kiyoyozi) nyingine. Je, nimsikilize?

Jibu: Usinunue kwanza, ndugu yangu. Fungua boneti injini ikiwa inawaka, mtu akuwashie na kukuzimia kiyoyozi, nawe usikilize bila kusogeza mkono kwenye mkanda. Sauti ikija pale tu klachi ya kompresa (kiungo kinachoiunganisha na puli inayozungushwa na mkanda) inaposhika, shuku klachi au kompresa yenyewe. Ikiendelea hata klachi ikiachia, huenda ni beringi ya puli, ambayo kwenye magari mengi hubadilishwa bila kumwaga gesi.

Jibu: Naongezea feni ya kondensa (kipoza gesi ya kiyoyozi) iliyo mbele, kwa kuwa nayo huwaka pamoja na kiyoyozi. Kwangu tatizo lilikuwa jani kavu la mwembe kwenye feni ya ndani, likitatarika kadiri nilivyoongeza upepo.

Muuliza swali: Nawashukuru sana. Nimechungulia kwa tochi: boliti moja ya feni ya mbele imedondoka, na pangaboi limechimba mfereji mweupe kwenye kava lake. Kompresa iko kimya kabisa.