Naomba ushauri: mabati yamepigwa na mvua ya mawe, bima wanasema ni uchakavu

Ndugu zangu, nyumba yangu iliyopo Buswelu, Ilemela, imepigwa na mvua ya mawe. Mabati ya geji 30 yametoboka upande unaotazama ziwa na kubonyea kwingineko, na dari ya jipsamu imelowa. Mthamini wa kampuni ya bima anakubali kulipia matundu tu, ilhali mabonyeo, ambayo rangi yake imebanduka na bila shaka yatashika kutu, anayaita uchakavu. Mkataba unataja dhoruba bila kufafanua, jambo linaloniudhi kuliko hasara yenyewe. Je, nitafute mthamini wa kujitegemea, au nipeleke lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima? Na je, nikiziba matundu sasa, baada ya kupiga picha, nitakuwa nimepoteza ushahidi?