Tupeane uzoefu: Mtoto wako ulimpeleka kwenye shughuli gani nje ya masomo, na imemsaidia nini?

BabaLulu: Wakuu, salaam. Binti yangu yuko darasa la tatu. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, linamrudisha jioni kalala. Imebaki Jumamosi. Mama yake anataka kinanda, mimi nataka karate, bibi yake anasema mwacheni mtoto alale. Wa kwenu mliwapeleka wapi?

Mstaafu Kibarazani: Bibi yuko sahihi.

Mama Wawili: Karate nimeipitia. Ada ya mwezi si tatizo, wanakumaliza kwenye mikanda. Kutoka mweupe kwenda njano kuna mtihani, unalipa. Njano kwenda chungwa unalipa tena, na mkanda wenyewe unanunua kwao. Wangu alipofika kijani akamrushia mdogo wake teke sebuleni, mdogo akainama, teke likaishia kwenye TV. Nikamtoa. Ila nikiri, alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya pazia wageni wakija. Siku hizi anawafungulia mlango mwenyewe.

Kaptula ya Khaki: Skauti! Ilikuwa bure, shuleni hapohapo. Kambi ya kwanza nilisonga ugali ukawa uji, kikosi kizima kikaunywa bila kulalamika maana hakukuwa na kingine.

Mzazi Makini: Darasa la nne kuna mtihani wa taifa, nyie mnawaza mikanda na uji. Wangu Jumamosi yuko tuisheni, habari imeisha.

Kaptula ya Khaki: Tuisheni ni shule ileile kwa mlango wa nyuma. Soma mada mkuu, NJE ya masomo.

Mzazi Makini: Nimesoma. Skauti wangapi unaowajua wamejenga?

Kaptula ya Khaki: Nakujibu nikiwa sebuleni kwangu, silipi kodi.

Ngalawa: Mada imenigusa pabaya. Mwaka 2019 nilimpeleka kijana wangu wa miaka saba kujifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa Dar, jina nalihifadhi. Watoto kumi na tisa, mwalimu mmoja. Nilihesabu kabisa, nikanyamaza, nikajisemea si ndio wataalamu hawa. Wazazi tumejipanga kwenye viti vya plastiki, kila mtu na simu yake. Mimi nilikuwa nabishana kwenye grupu la Yanga. Nainua kichwa namtafuta, naona boya lake la mkononi, lile la rangi ya chungwa, linaelea. Mkono haumo.

Mnadhani mtoto akizama anapiga kelele? Hapigi. Wenzake walikuwa wanarushiana maji hatua mbili tu kutoka pale. Nikiwa bado nimesimama kama mti, dada wa usafi kashatumbukia na sare yake ya kazi, kamnyanyua kwa mkono mmoja. Kijana akatapika maji, kimya, halafu akaanza kulia. Kilio kile mpaka leo nakisikia. Mwalimu akaniambia, "Mzee, huwa inatokea."

Mwezi mzima hakutaka hata beseni. Mwaka uliofuata tukaanza upya kwingine, watoto wanne kwa mwalimu mmoja, mimi nimekaa ukingoni miguu ikiwa majini, simu nimeiacha kwenye gari. Sasa anavuka bwawa kwenda na kurudi.

Mama Wawili: Mwili umenisisimka.

Kibarua wa Tabata: Huyo dada mlimpa nini?

Ngalawa: Elfu hamsini. Ndiyo iliyokuwa mfukoni.

Kibarua wa Tabata: Uhai wa mtoto elfu hamsini?! Na ada ya bwawa ulilipa ngapi?

Mzazi Makini: Mwache mwenzako. Wewe ungempa kiwanja?

Kibarua wa Tabata: Hata mbuzi jamani.

Ngalawa: Kila Idi anakula kwetu na wanawe. Mengine hayakuhusu.

Ziwani: Sisi wa Mwanza tulijifundisha wenyewe ziwani, cheti chetu kikawa kichocho.

Bi Forodhani: BabaLulu, kinanda si muziki peke yake. Hapa Unguja kuna chuo cha muziki cha DCMA, kipo tangu 2002, wanafundisha ala kama kanuni, udi na fidla. Wangu alianza na fidla, miezi mitatu ya mwanzo paka alihama nyumba. Vumilieni.

Mstaafu Kibarazani: Samatta katokea Mbagala, mpira wa mtaani. Mpe mtoto mpira, mfungulie geti.

Mama Wawili: Geti la wapi mzee, nje bodaboda zinapita kama mishale.

BabaLulu: Nimesoma yote. Jana nimemuuliza mwenyewe, kasema anataka kuogelea. Ngalawa mkuu, hilo bwawa la kwanza liko wapi, nisije nikamlipia hapohapo?

Ngalawa: Njoo PM.